Aliyetufundisha Kuuza Sigara

Mtu ninayetaka kumweleza hapa hakuwahi kuvuta sigara hata moja, na sidhani kuna aliyeuza nyingi kumshinda, kuanzia Ahero mpaka fuo za mbali za ziwa letu. Sisi wa Obunga, mtaa wa Kisumu, tulimwita Mzee wa Sigara. Jina lake halisi nalijua. Lilikuwa kwenye kadi aliyomwachia mama mkwe wangu, kadi iliyokaa miaka mingi nyuma ya redio. Lakini sijawahi kumwita kwa jina hilo, na sitaanza leo.

Kabla ya kumjua yeye nililijua gari lake. Nilipoolewa Obunga, mama mkwe alikuwa na kibanda cha mabati kwenye njia ya mafundi wa vyuma, akiuza sukari, unga, mkate, sabuni, mafuta ya taa na sigara. Mume wangu alipata kazi ya ulinzi Nairobi mwezi wa pili baada ya ndoa, na yuko huko mpaka leo. Huja Desemba, na mwaka mwingine haji. Kwa hiyo maisha yangu yakawa kibanda, na kibanda kilikuwa na siku yake kubwa, Jumanne, siku ambayo gari la kampuni ya sigara lilikuja likiyumba kwenye matope. Dereva wake, ambaye ndiye aliyekuwa muuzaji pia, alishuka na shati jeupe lisilo na doa. Sijui alifanyaje. Obunga ni vumbi wakati wa jua na tope wakati wa mvua, lakini lile shati liliingia jeupe na kutoka jeupe.

Hakuanza na habari za sigara. Alisimama mbele ya dirisha la kibanda, mikono nyuma, akaangalia rafu kama daktari anavyomwangalia mgonjwa kabla hajamgusa.

"Mama, hii sabuni nani ameficha nyuma ya unga?"

"Ni mimi. Kwani iko na shida?"

"Mteja akiinama hapa dirishani haioni. Kitu hajaona, atatakaje?"

Akaingiza mkono, akahamisha sabuni, akahamisha chumvi, akarudi nyuma hatua mbili kutazama kazi yake. Mama mkwe alikuwa mwanamke mkali, asiyependa kuguswa vitu vyake, lakini kwa Mzee wa Sigara alinyamaza kwa sababu alikuwa ameona matokeo. Sabuni ilitoka.

Baada ya hapo ndipo walipoongea bei, na hapo ndipo nilipomsikia akifundisha jambo ambalo sijalisahau. Wakati ule bei ya jumla ilikuwa imepanda kidogo na mama mkwe alitaka kuongeza shilingi moja kwenye sigara moja moja alizouza. Mzee alitikisa kichwa.

"Usifanye hivyo, Mama. Sigara moja, sarafu moja. Mteja asingoje chenji."

"Kwa nini asingoje? Anakimbizwa?"

"Akingoja, atafikiri. Akifikiri, ataona mkate."

Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayekuonyesha njia ya mkato. Mama mkwe akacheka, akaacha bei ilivyo. Siku hiyo alituachia pia kibiriti cha gesi kilichofungwa kwa kamba ya mpira. Tukakining'iniza dirishani ili mtu awashe palepale bila kuomba. Wanaume walianza kusimama pale. Aliyekuja kuwasha aliongea, aliyeongea alikaa, aliyekaa alinunua mkate wa mtoto au salio la simu. Ndani ya mwezi mmoja kibanda chetu kilikuwa na watu kuliko vyote vya njia ile. Sigara ndiyo iliyowaleta, na yeye ndiye aliyetufundisha.

Alikuwa mtu wa kutoka Nyeri. Aliletwa Kisumu na kazi akiwa kijana na hakuondoka tena. Dholuo, lugha yetu, aliijua vizuri sana, mpaka utani wa wavuvi na maneno ya msibani, ila sauti yake ilishuka mahali ambapo sisi tunapandisha, ukamtambua hata ukiwa umefumba macho. Mimi aliniita Nyar Ugenya, binti wa Ugenya, maana huko ndiko nilikotoka kuolewa. Watu walimtania kwamba amekuja kututafutia pesa ziende kununua viazi kwao. Alicheka nao. Akipewa samaki alikula kichwa na macho, akanyonya mifupa, ili waone.

Lakini siku moja mama mkwe alimuuliza kama atajenga kwao akistaafu, akajibu bila kucheka: "Nyeri wananiita Mjaluo. Hapa mnaniita mgeni. Mimi nimebaki wa gari."

Mwaka ule uchaguzi ulipoharibika na watu wa kutoka kwao wakafukuzwa mjini, hatukumwona kwa Jumanne nyingi. Tulijua nyumba yake iko Milimani, kwenye miti mikubwa na mageti ya chuma, na kwamba huko kulikuwa na askari, lakini hakuna aliyekwenda kumwona. Hata sisi hatukwenda. Aliporudi, gari lilikuwa na kioo kipya cha mbele. Mama mkwe alimpa kikombe cha chai, naye akakishika kwa mikono miwili mpaka kikapoa. Hakuna aliyesema lolote juu ya siku zile. Aliuliza tu kwa nini tumeficha tena sabuni.

Nimesema alijua maneno ya msibani. Mwenye duka akifa popote kwenye eneo lake, alienda kuzika. Alisimama nyuma, karibu na watu waliokodiwa kubeba viti, akatoa mchango wake kwenye bahasha, akaondoka kabla chakula hakijapakuliwa. Nilimuuliza mara moja kwa nini hali kwa waliofiwa, na hiyo kwetu ni kama dharau. Alisema, "Nyar Ugenya, mimi nimekula kwao miaka yote." Wakati ule sikuelewa. Nilidhani anaongelea ukarimu.

Alipostaafu hatukuambiwa. Jumanne moja alikuja kijana mwingine, na pikipiki, na simu ya kuandikia oda, akahudumia haraka bila hata kuangalia rafu. Mama mkwe alimwulizia Mzee, kijana akasema ameenda nyumbani. Tukajua basi, ameenda Nyeri.

Ilipita kama mwaka. Asubuhi moja tuktuk ilisimama mbele ya kibanda na Mzee wa Sigara akashuka, shati jeupe lilelile, ila lilikuwa limelegea shingoni. Hakuwa na kitu mkononi. Alisalimia, akauliza habari za mume wangu, akaangalia rafu kama zamani. Kisha akasema:

"Mama, nimekuja kukuomba uache kuuza sigara."

Mama mkwe alicheka mpaka akakaa kwenye gunia la unga. "Wewe?"

"Mimi."

"Wewe ndiye unakuja hapa kuniambia hiyo maneno?"

"Ni mimi, Mama. Zinaua watu. Nilikuwa najua na nikawa sijui."

"Na ile pensheni unakula, inatoka kwa mchicha?"

Mama mkwe alikuwa ameacha kucheka, na nafikiri alijuta, lakini maneno yalishatoka. Mzee akanyoosha mkono, akasogeza pakiti ya majani ya chai iliyokuwa imepinda, akaaga, akaondoka kwa miguu.

Hakukoma. Alizunguka vibanda vyote alivyowahi kuvihudumia, kimoja kimoja. Kondele walimtukana. Kwenye fuo za ziwa walimsikiliza kwa heshima, maana ni mzee, kisha wakamuuliza kama ana vibiriti vya bure kama zamani. Mwenye duka mmoja Ahero, ambaye mafuriko yalikuwa yamembebea mali yake yote mwezi uliopita, alimwambia, akimwita mzee kwa Dholuo, "Jaduong', nimebaki na sigara peke yake kwa sababu zilikuwa rafu ya juu. Wewe ndiye uliniambia niweke rafu ya juu. Leo unataka nitupe?" Mzee alinisimulia hilo mwenyewe. Alimaliza kwa kusema, kwa sauti ya chini na yenye fahari kidogo ambayo hakuweza kuizuia: "Lakini rafu yake alikuwa ameipanga vizuri."

Ndivyo alivyokuwa. Alichukia bidhaa na alipenda biashara. Kwangu alianza kwa kunisihi na kumaliza kwa kunipangia duka. Nikimwambia leo nimeuza sana, uso wake ulichangamka kabla hajakumbuka kuuliza nimeuza nini.

Mama mkwe alipofariki kibanda kikawa changu, na Mzee akawa anakuja mara moja au mbili kwa wiki. Alikaa kwenye kreti ya soda kando ya mlango. Nilimzoea. Sikuwa na mtu mwingine wa kuongea naye kitu zaidi ya bei na chenji, na nadhani yeye hakuwa na mtu wa kuongea naye chochote.

Siku moja alikuja amechangamka, ana wazo. Kwa kuwa nimekataa kuacha kuuza, akasema, angalau nibadilishe bei. Wakati huo sigara moja ilikuwa sarafu ya kumi. Aliniomba niuze kumi na tatu.

"Kwa nini kumi na tatu, Mzee? Mimi nitatoa wapi sarafu za shilingi moja?"

"Ndiyo maana yenyewe. Wewe tafuta pole pole. Fungua mkebe, funga mkebe. Yeye anangoja. Mtu akingoja hapo, mkono tupu, kuna kitu inamjia kwa kichwa."

Nilimwonea huruma nikakubali kujaribu. Mteja wa kwanza alikuwa Ochi, fundi wa kuchomelea vyuma aliyekuwa na kibanda chake hatua ishirini kutoka kwangu. Ochi alikuwa mtu wa maneno mengi na sigara nyingi. Alivuta moja kabla ya kuwasha mashine na nyingine akiizima. Nilimwambia bei mpya. Akaniangalia, akamwangalia Mzee aliyejifanya anasoma gazeti, akatoa simu mfukoni.

"Kumi na tatu? Hakuna noma." Akabonyeza, na simu yangu ikalia palepale. "Imeingia? Haya, nipatie. Jaduong', simu hainanga chenji."

Akawasha, akaenda zake akipuliza moshi. Mzee alikunja gazeti. Sikuwahi kumwona amezeeka vile.

"Zamani ingefanya kazi," akasema.

"Ingefanya," nikamwambia.

Nilirudisha bei ya kumi siku iliyofuata. Hakulalamika.

Nilichukua muda mrefu kumuuliza kwa nini. Watu walikuwa na majibu yao: kwamba ameokoka, kwamba kampuni ilimnyima pesa zake, kwamba ana ugonjwa. Jibu lilikuja lenyewe mchana mmoja wa mvua, ile mvua ya Kisumu inayopiga mabati mpaka huwezi kusikia redio. Tulikuwa wawili tu ndani ya kibanda, dirisha limefungwa nusu. Mvua ilipopungua kidogo akaanza kuongea, na hakuniangalia.

Alisema mke wake alikuwa mwalimu huko kwao, akaacha kazi ili amfuate Kisumu. Kampuni iliwapa nyumba Milimani, uwanja mkubwa, maua, mlinzi getini. Yeye aliondoka Jumatatu na gari na kurudi Ijumaa, wakati mwingine Jumamosi. Mkewe hakujua Dholuo, majirani walikuwa watu wa ofisi walioondoka asubuhi na magari yao, na watoto walikuwa bweni. Katika stoo ya nyumba kulikuwa na katoni za sigara za sampuli, za kugawa bure kwa maduka mapya.

"Alianza na moja," Mzee akasema. "Akikaa barazani ananingoja. Hiyo aliniambia baadaye sana. Alivuta miaka kumi na moja, Nyar Ugenya. Mimi ndani ya hiyo nyumba sijui."

"Hukunusa?"

"Ningenusa nini? Mimi mwenyewe nilinuka tumbaku toka kichwa hadi viatu. Gari inanuka, nguo inanuka. Yeye alinuka kama mimi. Nilidhani ni mimi."

Alikuja kujua kwa sababu ya kikohozi, na wakati huo kikohozi kilikuwa kimeshakomaa. Mwaka wa mwisho mkewe alikuwa anapumua kwa mtungi wa oksijeni sebuleni. Mzee bado alikuwa hajastaafu. Aliendelea kutoka na gari kila Jumatatu kwa sababu mtungi ulihitaji kulipiwa. Mkewe alizikwa Nyeri. Yeye alikaa huko miezi michache, lakini wenye umri wake walishakufa na vijana walimwamkia kama mtu aliyepotea njia. Akarudi Kisumu, akakodi tena nyumba ileile.

Nilitaka kumwambia si kosa lake. Ndilo neno ambalo watu husema. Lakini aliendelea kabla sijalipata.

"Watu wanadhani nilimuuzia. Sikumuuzia. Nyinyi wote niliwauzia, mlikuwa na bei, mngeweza kukataa bei. Yeye nilimletea bure mpaka ndani."

Mvua ilikatika. Alisimama, akakunja suruali kwa ajili ya matope, akaaga.

Ningependa kusema kwamba niliacha kuuza siku hiyo. Sikuacha. Kesho yake asubuhi mafundi walikuja kama kawaida na nikawauzia kama kawaida. Nilikuwa na kodi ya kibanda na mdomo wangu.

Aliyenifanya niache ni Ochi. Alianza kukohoa wakati wa jua kali, akasema ni moshi wa kuchomelea. Kisha akapungua, mkanda ukahitaji tundu jipya. Mke wake alimlazimisha kwenda hospitali. Alirudi alasiri na bahasha kubwa ya picha ya kifua, akaja moja kwa moja dirishani kwangu, akaweka bahasha juu ya kaunta.

"Nipatie moja, Mama."

"Daktari amesema nini?"

"Amesema mengi. Nipatie moja kwanza, nitulie."

Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye pakiti. Miaka yote hiyo ulijua njia wenyewe. Niliangalia ile bahasha, nikaona jina lake limeandikwa kwa kalamu nene, lote, majina matatu, na sikuwahi kujua ana majina matatu.

"Zimeisha," nikasema.

"Mama, mimi naziona hapo."

"Zimeisha, Ochi."

Alinitazama kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona kwake. "Umekuwa kama yule mzee wako?" Akachukua bahasha, akavuka njia, akanunua kwenye kibanda cha jirani mbele ya macho yangu. Kwa wiki nyingi hakunisalimia. Nikipita kwenye kibanda chake alishusha ile kinga ya macho na kuwasha mashine hata kama hakuwa na chuma cha kuunganisha.

Usiniulize kama nilikuwa jasiri. Lakini niliona kwamba kama nimemnyima Ochi, sina sura ya kumuuzia mwingine. Nilimaliza wiki, nikamrudishia yule kijana wa pikipiki pakiti zilizobaki, nikakata ile kamba ya kibiriti.

Mzee alipokuja nilimwambia nikitabasamu. Nilitegemea atafurahi, hata labda atalia. Alikaa kwenye kreti, akaangalia rafu.

"Na sasa utakula nini?" akauliza.

"Mzee! Si wewe umeniomba miaka yote hii?"

"Nilikuomba. Lakini mimi ndiye nilikufundisha kwamba hawa wanaume wanakuja kwa sababu ya hiyo. Wataenda ng'ambo ya njia. Na mkate wataununua ng'ambo."

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Wanaume walihamia upande wa pili wa njia, na kelele zao na mikate yao na salio lao. Niliuza kwa kina mama asubuhi na jioni, na katikati ya siku nilisikiliza redio. Ningefunga, kusema kweli, kama si Mzee. Alianza kuja kila siku, Jumapili pia, na kila siku alinunua kitu: leo sukari kilo mbili, kesho sabuni ya kipande, keshokutwa chumvi, majani ya chai, mafuta ya kupikia. Nilimwambia Milimani kuna maduka makubwa yenye bei nafuu kuliko yangu. Alisema sukari yangu ni tamu zaidi. Nilielewa anachofanya, nikanyamaza, maana nilihitaji. Nilijisemea moyoni kwamba anajaribu kunilipa kwa lile alilonifundisha.

Kisha akakoma kuja. Siku ya kwanza nilidhani mvua. Wiki ilipopita nikapiga simu yake, haikupokelewa. Nilikuwa naogopa kwenda, kwa sababu katika miaka ishirini na zaidi sikuwahi kufika kwake. Milimani ni mbali hata kama ni karibu. Mtu wa Obunga akionekana huko huulizwa anaenda kufua kwa nani.

Aliyenisukuma ni Ochi. Alikuja dirishani asubuhi moja, akasimama upande, kama mtu asiyetaka kuonekana amekuja.

"Jaduong' wako yuko wapi?"

"Sijui. Wiki mbili sasa."

"Mimi ndiye nilitengeneza geti yake. Geti ya kijani, mwisho wa barabara ya misonobari." Akakohoa, akageuza uso. "Enda umwone. Yule mtu hana mtu."

"Wewe unaendeleaje?"

"Nakunywa dawa. Nimebaki na mbili kwa siku. Usinitazame hivyo, mbili si kumi na tano. Nipe chumvi."

Nikampa chumvi. Nikafunga kibanda katikati ya asubuhi, jambo ambalo sikuwahi kulifanya isipokuwa kwa msiba, nikachukua tuktuk.

Mlinzi alikuwa hayupo na geti la kijani halikuwa limefungwa. Uwanja ulikuwa mkubwa kuliko nilivyofikiri, nyasi zimefika magotini, maua yamekuwa vichaka. Nilipiga hodi mara tatu. Sauti yake ilijibu kutoka ndani, nyembamba, "Karibu," kama vile watu huingia humo kila siku.

Alikuwa kwenye kiti sebuleni, mguu umefungwa bandeji nene mpaka goti, umewekwa juu ya stuli. Alikuwa ameteleza bafuni. Binti yake alikuwa amekuja kutoka Nairobi, akakaa siku nne, akampeleka hospitali, akamwekea mwanamke wa kumpikia mchana, akarudi kazini. Simu ilikuwa imeanguka nyuma ya kabati, hakuweza kuinama wala hakutaka kumsumbua yule mwanamke. Hakuwa amenyoa. Alikuwa na fulana, na nilitambua kwamba sikuwahi kuiona mikono yake juu ya kiwiko.

"Nyar Ugenya," akasema. "Umefunga duka?"

"Nimefunga."

"Saa hizi? Hii ni saa ya watu kununua."

"Pole, Mzee. Ngoja nikuchemshie chai."

Jikoni nilitafuta sukari. Nilifungua kabati la kwanza, nikaiona. Pakiti za sukari, zimepangwa mstari kwa mstari, mbele ya nyingine na juu ya nyingine, hazijafunguliwa. Nilifungua la pili: sabuni, chumvi, majani ya chai, mafuta, vyote nilivyomuuzia, lebo zote zimetazama nje, kama duka. Kulikuwa na vitu vya kutosha watu kumi kwa mwaka, katika nyumba ya mtu mmoja ambaye, kama nilivyokuja kujua, hanywi hata chai ya sukari.

Nilirudi sebuleni nikiwa nimeshika pakiti moja. Sikujua kama nina hasira au nataka kulia.

"Mzee, hii ni nini? Umenifanya mtu wa kusaidiwa? Ungeniambia tu. Kununua vitu hutumii, ili mimi nisifunge, na mimi nafurahi huko kwamba biashara inatembea..."

"Hapana," akasema.

"Hapana nini? Sasa hii ni nini?"

Aliangalia mguu wake. Nje kwenye zile nyasi ndege walikuwa wanapiga kelele, na ndani saa ya ukutani, ile aliyopewa na kampuni siku ya kustaafu, ilisikika vizuri kabisa.

"Si kwa ajili yako," akasema. "Usikasirike, nakwambia ukweli. Nilitaka mahali pa kwenda. Mtu hawezi kwenda dukani kila siku asinunue kitu. Wangeniuliza nafanya nini pale."

Nilisimama na ile sukari mkononi. Miaka yote hiyo nilikuwa nimemweka kwenye kreti kando ya mlango nikidhani ndiye anayenitunza.

"Nani angekuuliza?" nikasema. "Duka ni langu."

Nilirudi jikoni nikachemsha chai, yake bila sukari, nikaileta, nikavuta kiti kingine karibu na chake. Aliniuliza kama sina haraka. Nikamwambia sina. Tulikunywa polepole, na kikombe chake kilipokwisha nikaona anakishikilia bado, amekificha kwa viganja ili nisijue kwamba kimekwisha, na mimi nikafanya vivyo hivyo na changu.